Mzimu wa Saba

Kabla hujanicheka, elewa kwanza kwamba mimi ni fundi wa stima, na fundi wa stima haogopi giza. Giza ndilo linalomlisha.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu mpwa wangu aliponipigia simu mwisho wa Oktoba. Alikuwa na tiketi mbili za nyumba ya mizimu, rafiki yake amemruka saa za mwisho, na hakutaka hela ipotee. Nilidhani ananitania. Kwetu nyumba ya mizimu si mahali pa kulipia kiingilio. Ni mahali unapopita mbio, viatu mkononi, bure. Akanieleza kwamba tarehe 31 ni Halloween, mkesha wa Watakatifu Wote, na kwamba huko Marekani majira hayo watu hugeuza majengo makuukuu kuwa mahali pa kutishana. Akanitajia gereza moja la Philadelphia, lilifunguliwa mwaka 1829, likafungwa 1971, na siku hizi watu wanapiga foleni walipe waingizwe.

"Huku kwetu," nikamwambia, "watu hulipa ili wasiingizwe."

Ya hapa Nairobi ilikuwa kwenye jengo moja la zamani la umma katikati ya mji: mawe mazito, dari iko mbinguni, ngazi za mbao zinazokulalamikia kila ukikanyaga. Ukienda pale mchana kufuatilia karatasi yako utakutana na mizimu wa kutosha, lakini hayo tuyaache, sitaki kesi.

Ndani ya matatu nilijisifu njia nzima. Marehemu baba alifanya kazi reli, na nilipokuwa mdogo alinipeleka Makumbusho ya Reli kuniangushia hadithi ya behewa la Ryall. Huyo Charles Ryall alikuwa mkubwa wa polisi wa reli. Mwaka 1900 alikwenda Kima kumvizia simba mla watu, akalala ndani ya behewa, simba akaingia na kutoka naye dirishani. Behewa lenyewe lipo mpaka leo, unaweza kwenda ukaliona. "Hiyo ndiyo hofu," nikasema. "Si kijana wa chuo aliyejifunga shuka." Mpwa wangu akaitika "sawa anko" kwa ile sauti ya vijana wakishakuchoka.

Mlangoni tulisomewa masharti. Simu zizimwe. Usiguse mizimu, nao hawatakugusa. Mizimu hawaongei na wateja, kwa hiyo usiwaulize maswali. Kumbuka hilo la mwisho, maana ndilo lililonimaliza.

Chumba cha kwanza kilikuwa na ndoo ya "ubongo wa binadamu" ndani ya giza, unaambiwa utumbukize mkono. Wasichana mbele yetu walipiga nduru. Mimi nilitia mkono, nikafinyafinya, nikatangaza: "Tambi. Zimepikwa jana." Chumba cha pili kulikuwa na macho kwenye sahani, zabibu zilizomenywa, na kusema kweli nilimhurumia aliyezimenya. Mpwa wangu akaanza kutembea hatua tatu mbele yangu ili ionekane hatujuani.

Lakini mimi sikuwa naangalia mizimu. Nilikuwa naangalia nyaya. Mashine mbili za moshi, zile zinazochemsha maji yao maalumu yakatoka ukungu, kila moja wati 1,500. Spika kubwa. Na nyuma ya pazia, kando ya jeneza, birika la stima la wati 2,000 likichemsha chai ya mizimu. Vyote hivyo vimechomekwa kwenye ekstensheni moja ya soko, na kutoka hapo kwenye soketi ya enzi za mkoloni. Piga hesabu: hiyo ni zaidi ya ampea 20, kwa laini ambayo ningeweka shamba langu rehani kwamba ina fyuzi ya 15.

"Hii itaruka," nikamnong'oneza mpwa wangu.

"Anko, tafadhali."

Ikaruka. Tulikuwa chumba cha tatu, kile cha stoo. Giza likaanguka kama gunia, spika ikakata katikati ya kicheko cha shetani, na watu wote wakashangilia na kupiga makofi. Walidhani ndiyo sehemu yenyewe waliyolipia!

"Hiyo ni fyuzi!" nikapaza sauti.

"Shhh!" wakanijibu umati mzima.

Basi, nikaamua kuokoa wa kwangu. Nikanyoosha mkono gizani, nikaupata mkono wa mpwa wangu, umepoa kama samaki wa friji. Maskini, nikasema moyoni, mtoto ameogopa. Nikaushika barabara. "Usijali mama, anko yupo." Hakujibu, lakini alinibana vidole mpaka pete ikanikata. Nikamvuta. Majengo ya aina hii nayajua, yote yana mlango wa nyuma karibu na meta. Tukapapasa ukuta, tukashuka ngazi, nikagonga goti kwenye kitu ambacho naomba kiwe kilikuwa kabati, nikasukuma mlango wa chuma, hao nje. Mlango ukajifunga nyuma yetu. Upande wa nje hauna mkono.

Mvua ilikuwa inanyesha, zile za vuli zisizo na haraka. Taa za barabarani zilikuwa zinawaka vizuri, na jengo la pili pia. "Umeona?" nikasema kwa furaha nikigeuka. "Si nilikwambia ni fyuzi?"

Nilikuwa nimeshika mkono wa bibi harusi mwenye kisu shingoni.

Yowe nililopiga sitalieleza. Nitasema tu kwamba matatu moja ilisimama ikidhani ninaita. Nikajaribu kuunyofoa mkono wangu, yeye akaukamata kwa mikono miwili.

"Mzee, usiniache," akasema. "Mimi naogopa giza."

"Wewe ni nani?"

"Mzimu wa tatu."

"Mbona hukusema nimekosea mtu?"

"Tumekatazwa kuongea na wateja."

Sasa tafakari tulivyokuwa tunaonekana. Mwanamume wa miaka 50 na kitu, amelowa, anahema. Kando yake msichana mwenye gauni jeupe lililojaa damu, hana viatu, na damu yenyewe, ambayo baadaye niliambiwa ni sharubati na rangi ya chakula, inatiririka na mvua mpaka kwenye mtaro. Konda wa ile matatu akatupima juu chini, akasema, "Buruburu hamsini, arusi tunabeba." Mama aliyekuwa akichoma mahindi chini ya mwavuli akaacha kupepea jiko.

"Mwanangu," akamwambia bibi harusi, "usirudi kwa huyo. Kaa hapa nami."

"Mama, si mimi," nikajitetea. "Mimi ni anko."

"Wote husema hivyo."

Watu wakaanza kukusanyika. Anayeijua Nairobi anajua kwamba kikundi cha watu watano hapa mjini hakikai watano. Nilitaka bibi harusi anisemee, lakini kijana wa watu baridi imemshika, meno yanagongana, kila akifungua mdomo anatoa kitu kama kilio. Mwishowe aliking'oa kile kisu cha plastiki shingoni ili awaonyeshe ni mchezo. Mama wa mahindi akaanguka na kiti chake.

Tukakimbia. Sina neno lingine. Tukazunguka jengo mpaka mlango wa mbele, mkono kwa mkono, maana bado hajaniachia.

Pale mlangoni soja akatuzuia. "Tiketi."

Yangu ilikuwa imeshachanwa, nikamwonyesha. Akamgeukia mwenzangu. "Na huyu?"

"Huyu ni mzimu wa humo ndani."

Soja akammulika tochi usoni. Mvua ilikuwa imeosha kila kitu. Palibaki msichana wa kawaida, mzuri tu, wa kutoka darasani. "Huyu si mzimu," akasema. "Mizimu waliingia saa kumi na mbili wakaandikwa. Ni mia nane."

Nikalipa. Nimewahi kulipa hongo, faini na mahari, lakini kiingilio cha mzimu kurudi kazini kwake ilikuwa mara ya kwanza.

Ndani watu walikuwa bado gizani wakipiga makofi. Mwenye shughuli, kijana mwenye redio ya mkononi isiyosaidia kitu, aliposikia mimi ni fundi alitaka kunibusu. Bibi harusi akashika tochi, nikafungua sanduku la meta. Fyuzi za kigae, zile za kubadilisha waya, na ya tatu waya umeyeyuka ukapaka ukuta masizi. Waya huwa natembea nao kwenye pochi, kama vile wengine wanavyotembea na picha za watoto. Nikafunga mpya, nikachomoa birika, nikaondoa mashine moja ya moshi, nikapandisha swichi kubwa.

Taa zikarudi. Mpwa wangu nilimkuta chumba cha stoo, amekumbatia mkono wa sanamu na analia. "Anko," akasema, "nilikuwa nakusemesha muda wote huu." Kisha akaniona vizuri, nimelowa, uso umejaa masizi, akapiga ukelele uliowaamsha wengine wote, na chumba kizima kikatoka mbio kupitia ngazi.

Nilidai 1,500 kwa kazi. Kijana wa redio akakuna kichwa: bajeti haina fungu la fundi, ina fungu la mizimu tu, na kwa bahati malipo ni hayo hayo. Akafungua daftari. Nikatia sahihi kwenye mstari wa saba, chini ya majina ya vijana sita wa chuo, na kwenye safu ya "kazi" akaniandikia kwa mkono wake: mzimu.

Mia nane ya bibi harusi hawajanirudishia.