Dabi tuliidai miezi mitatu na nusu, mto wetu hata wiki haikuisha

Kuna maneno nayasikia sana vijiweni, kwamba wabongo tumelala. Kaa pale kwa kinyozi wangu, huku mtaa wa Sakina, Arusha, dakika kumi tu, lazima mtu ayatoe, "bongo watu wamelala bana", na anayasema huku macho yote yako kwenye tivii ya ukutani. Nilikuwa naamini hivyo hivyo. Sa hivi siamini na ntawaambia kwa nini, ila mnivumilie kidogo maana stori yenyewe ina mto, ina mchicha, na bahati mbaya ina Simba na Yanga ndani yake.

Nyuma ya mtaa wetu kuna mto mdogo, kiangazi unauruka bila kulowa, masika unabeba mpaka magodoro ya watu. Kina mama wanalima pembeni, mchicha, mnafu, chainizi, alfajiri wanapeleka soko la Kilombero. Sasa kuanzia mwishoni mwa 2024 maji yakaanza kuja na povu asubuhi, siku zingine yana rangi ya zambarau kabisa kama juisi ya zabibu, na mchicha ukawa unaungua majani utadhani kuna mtu kapita usiku anamwagia jiki. Juu yetu kuna kiwanda. Sitakitaja, sina karatasi ya maabara na sitafuti kesi, ila povu la vile halijatoka kwenye chemchemi za Mlima Meru, hilo hata mtoto anajua.

Mama Neema jirani yangu siku moja alichota yale maji kwenye ndoo nyeupe, akaibeba mpaka kwa kiongozi wa mtaa, akaiweka mezani. Akaambiwa "mama, nimelipokea". Mpaka leo limepokelewa.

Basi tukampata mwandishi. Dogo mmoja hivi mchapakazi, wa kituo ambacho nacho sikitaji, alikuja Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, akavua viatu, akakunja suruali akaingia mtoni na kamera yake. Akamrekodi Mama Neema ameshika fungu la mchicha ulioungua, akamwambia mama rudia tena hapo uliposema ndoo. Akatuambia itaruka Jumamosi, taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mtaa mzima ukajua. Mama Neema alienda kusuka, sikutanii, Jumamosi asubuhi alikuwa saluni.

Mnakumbuka hiyo Jumamosi ilikuwa siku gani lakini? Tarehe 8 Machi. Siku ya Wanawake kitaifa ilifanyikia hapa hapa Arusha, Sheikh Amri Abeid, Rais mgeni rasmi, mji umejaa mabasi na vitenge vya sare, kila kamera ya mkoa huu ilikuwa uwanjani. Na usiku wake ndo ilikuwa Dabi ya Kariakoo kwa Mkapa, ile ambayo haikuchezwa! Simba walizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi usiku wa kuamkia mechi, wakasema kwa kanuni ya 17 hatuchezi, Bodi ya Ligi ikaahirisha siku ile ile, Yanga wakapeleka timu uwanjani hivyo hivyo. Nchi ikasimama.

Tulikuwa kama watu kumi na mbili sebuleni kwa Mama Neema tunamsubiri aonekane. Ikaja Siku ya Wanawake, ikaja dabi, ikaja dabi tena, wachambuzi, mashabiki waliotoka mikoani wanalia na nauli zao, halafu hali ya hewa. Mto hamna. Na mimi nikiri hapa hapa, ilipofika habari ya dabi nilisahau kabisa kilichonipeleka pale, nilikuwa nimesimama namtolea mapovu mume wake kuhusu kanuni ambayo asubuhi yake sikujua kama ipo. Saa tatu kasoro Mama Neema ndo akauliza, "na yangu je?" Tukamwambia labda kesho.

Kesho haikuwepo, na mtaani hakuna aliyeulizia tena. Kama wiki hivi watu walikuwa wanamtania "superstaa", basi, ikaisha.

Sasa angalia dabi. Ile mechi ilikuja kuchezwa 25 Juni, Yanga akashinda 2-0 (sitaki kuongelea hilo). Kuanzia 8 Machi mpaka hapo ni miezi mitatu na nusu, na katika hiyo miezi mitatu na nusu sijaona Mtanzania aliyelala. Watu walidai hela za tiketi, watu walizipekua kanuni za ligi kifungu kwa kifungu, Yanga wakafika mpaka CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo, na kuna bodaboda wa kijiwe chetu, chalii ambaye ukimuuliza ofisi ya kata iko wapi anakuna kichwa, alikuwa anajua CAS iko Lausanne, Uswisi, na anakueleza rufaa inakatwaje. Huyo utamwambia amelala? Yuko macho kuliko mimi na wewe. Anafuatilia, anakumbuka tarehe, anajua nani alisema nini na wapi amejipinga.

Ila alikumbushwa. Kila siku asubuhi kipindi cha michezo, mchana michezo, jioni michezo, usiku wachambuzi. Ukisahau kidogo unakumbushwa kwenye daladala. Na haya mambo hayaendeshwi kwa mapenzi matupu, kuna hela ndefu pale: Azam walisaini 2021 kuonyesha ligi miaka 10 kwa shilingi bilioni 225.6. Mwaka 2022 Simba wakachukua mkataba wa M-Bet wa bilioni 26 na ushee kwa miaka mitano, Yanga wakabaki na SportPesa kwa bilioni 12 na kitu kwa miaka mitatu. Ona wenyewe kampuni za kubeti zimekaa wapi katika hiyo picha. Sisemi kuna watu wamekaa chumbani wanapanga kutupumbaza, hapana, mpira ni mtamu na mimi nitaufuata mpaka nizeeke. Nasema tu maikrofoni huwa zinaelekea zilipo hela, na masikio yetu yanaelekea zilipo maikrofoni. Mchicha wa Mama Neema una mdhamini gani?

Yule dogo nikaja kukutana naye mwezi wa nne, kibandani kwa mama chapati karibu na Stendi Ndogo. Nikamkalia mezani kwake na hasira zangu.

"Dogo, nani alikuzuia ile habari?"

"Hakuna, kaka."

"Usinidanganye."

"Kaka, haki ya Mungu hakuna mtu alinipigia. Niliikata mwenyewe kabla hata mhariri hajaiona."

Akaanza kunieleza, chai inapoa. Kile kiwanda kinadhamini kipindi cha asubuhi pale kwao, tangazo linapita mara kibao kabla hata hujamaliza kupiga mswaki. Hakuna aliyewahi kumwambia usikiguse. Haina haja. Halafu ye hana mkataba, analipwa kwa stori iliyotoka, isiyotoka nauli ni yake. Ile ya mto ilitaka apime maji, amtafute msemaji wa kiwanda asubiri siku nne ajibiwe "tutakupigia", na wiki hiyo hiyo kulikuwa na semina mbili hotelini, chakula kipo, bahasha ipo, stori inatoka bila swali maana imeandikwa tayari unaletewa kwenye flashi. Ana mtoto mdogo. Mi ningefanya nini? Sijui, na ndo maana hasira ilianza kuniisha hata kabla chapati haijaisha. Watu wanapenda kusema makanjanja, bahasha ya kaki, mshiko, wanamtukana huyu wa chini anayepanda bodaboda kwa hela yake, mwenye kituo hata hawajui sura yake.

Halafu akanigeuzia kibao. "Kaka, na nyie mliuliza? Tangu siku ile kuna mtu wa kule kwenu hata mmoja alipiga simu kituoni? Siku ya dabi simu zilikuwa haziishi, mpaka dada wa mapokezi aliichomoa waya."

Nilinyamaza. Nikamlipia chapati.

Toka hapo nimekuwa nalifikiria sana hili. Siku zote nilidhani habari inauliwa, kwamba kuna bosi mnene anapiga simu "toa hiyo". Zipo za hivyo, najua. Ila hii yetu haikuuliwa na mtu, ilikosa wa kuisubiri. Dogo alijua mwenye tangazo ataona, na alijua sisi hatutauliza, akapiga hesabu yake, na hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa.

Nenda pale Mnara wa Saa asubuhi uone magazeti yalivyobandikwa. Watu kumi na tano wamesimama mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari bure, mmoja anatoa buku ananunua, na huyo mara nyingi ni la michezo. Na mimi niko kwenye wale kumi na nne. Redioni nako vikawa vichwa tu, mwaka 2017 waziri wa habari alivyoagiza vituo visisome habari yote ya ndani ya gazeti, wasome kichwa basi, na tukazoea fasta, ukimuuliza mtu anakwambia "nimesikia kuna jambo wizarani", jambo gani, hajui.

Wamarekani nao wana ya kwao. Washington Post lilinunuliwa 2013 na Jeff Bezos wa Amazon kwa dola milioni 250. Oktoba 2024 likatangaza halitaunga mkono mgombea yeyote wa urais wakati wahariri walikuwa wameshaandaa tamko la kumuunga mkono mmoja, na ndani ya siku chache wasomaji zaidi ya laki mbili wakakatisha usajili. Laki mbili! Mwenye gazeti hakubadilisha uamuzi, sawa, ila alisikia. Sasa nikajiuliza, mimi nikikasirika na kituo cha hapa nakatisha nini? Silipi chochote. Naweza kuhamisha stesheni, na huko nitakuta taarifa ile ile ya semina ile ile, neno kwa neno, hata kosa la herufi halijarekebishwa. Mwenye cha kukatisha ni mwenye tangazo, na kile kiwanda kikitoa tangazo lake mishahara inachelewa.

Kwetu kaskazini hili tumelelewa nalo, tunaliona kama ugali na mboga. Marehemu Reginald Mengi, mtu wa Machame, alikuwa na ITV na Radio One, na hapo Moshi alikuwa na Bonite ya soda na maji ya Kilimanjaro. Simsemi vibaya mzee wa watu, amesaidia wengi. Ila sijawahi kumsikia mtu, hata mbege ikiwa imekolea, anauliza mwenye taarifa ya habari na mwenye soda akiwa mtu mmoja, siku soda ikiwa na shida tutaambiwa na nani. Kwetu halikuwa swali kabisa.

Na sisi wa Arusha ndo usiseme, wataalamu wa kuzoea. Si meno haya ya kahawia? Floraidi kwenye maji, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo huku upande wa Meru vinapitiliza mbali sana, watoto wanaota meno yenye rangi na wengine miguu inapinda. Tumefanyaje? Tumegeuza utani. Ukienda Dar ukicheka tu wanakwambia "wewe wa Chuga", na wewe unacheka zaidi ili waone vizuri. Nimecheka hivyo miaka mingi sana.

Basi juzi kati nikasema liwalo na liwe. Povu limerudi, mchicha umeungua tena, nikapiga picha tatu nikaziweka kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, tuko watu zaidi ya mia. Nikaandika kwa adabu, "Wapendwa wana mtaa, nani yuko tayari twende wote kituoni tukaulizie ile habari ya mto, hata tukiwa watano tu." Nikasubiri. Naona wanasoma, naona mmoja anaandika, anaacha, anaandika tena. Mama Neema akaweka mikono ya kuomba.

Baada ya kama dakika ishirini wa kwanza akajibu, yule bodaboda wa Lausanne. Katuma mkeka wa kubeti. Mechi saba, "wazee huu wa leo haukosi". Nikaufungua. Nikaona mechi ya tatu kampa ushindi mgeni, nikamwandikia hapo umechemka dogo, weka sare.