Jembe la Mkono na Njaa ya Baada ya Mafuta

Wapo wanaoamini kwamba siku dizeli na gesi asilia vitakapoondoka, njaa itawashika wenye matrekta, naye mkulima wetu wa jembe la mkono atabaki salama. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani mashamba mengi ya Tanzania bado hulimwa kwa mkono au kwa ng'ombe. Tatizo lake ni kwamba inaishia kwenye kulima.

Tulifuate gunia la mahindi la Songea. Mahindi hayo hukuzwa kwa mbolea ya urea, ambayo mfuko wake wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, kirutubisho cha mimea, iliyonaswa hewani kiwandani, mara nyingi kwa kutumia gesi asilia. Vita vya Ukraine vilipochochea bei ya mbolea mwaka 2022, aliyeumia ni huyohuyo mwenye jembe, hata Serikali ikalazimika kutoa ruzuku. Kisha gunia hupanda lori la dizeli na kusafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Dar es Salaam. Treni ya umeme ipo, ila haifiki Songea. Mji huo haujawahi kuwa na reli ya aina yoyote.

Wenye matumaini huitaja Cuba, iliyopoteza mafuta ya bei nafuu Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika mwaka 1991. Maksai walirudi mashambani, na viwanja vitupu vya Havana vikageuzwa bustani za mboga. Wasichokisema ni kwamba watu walikonda, na kati ya mwaka 1992 na 1993 Wacuba wapatao 50,000 waliugua maradhi ya neva, wengi wakipungukiwa na uwezo wa kuona, kwa sababu iliyohusishwa na lishe duni. Bustani zilileta mboga, si wanga wala mafuta ya kupikia, na hadi leo kisiwa hicho huagiza sehemu kubwa ya chakula chake.

Kwa maoni yangu, pengo letu kubwa litakuwa la naitrojeni kabla ya lile la trekta. Samadi husaidia, ingawa ng'ombe naye anadai ardhi ya malisho. Mbaazi zikipandwa pamoja na mahindi huurutubisha udongo kwa naitrojeni bila kiwanda, lakini wakulima wa Kusini hawajausahau mwaka 2017, India, mnunuzi wao mkuu, ilipozuia uagizaji wa mbaazi na bei ikaporomoka. Anayewahimiza wapande mbaazi zaidi awaonyeshe kwanza mlaji wa karibu. Huku Pwani tunazila asubuhi, zimeungwa kwa nazi, na maandazi, lakini hicho ni kifungua kinywa cha ukanda mmoja tu.