Gunia Moja, Wateja Wawili

Kijana mmoja hapa Mwanjelwa, Mbeya, alijifundisha kuandika programu kwa bando la usiku na laptopu ya mtumba. Mwaka haujaisha, akamtengenezea muuza mchele programu ya kuhesabu mzigo. Ilikwenda vizuri mpaka siku gunia la mwisho la mchele wa Kyela lilipouzwa na wahudumu wawili kwa sekunde ileile. Kila simu ilisoma "1", kila simu ikatoa risiti.

Kuna ubishi usioisha: programu ujifunze chuoni, au ujifundishe mwenyewe? Wanaotetea chuo hupenda visa vya namna hii. Aliyesoma hifadhidata (mfumo wa kutunza taarifa za programu) darasani, wanasema, angejua kwamba kusoma salio na kulipunguza lazima viende kama muamala mmoja, mwingine asipenye katikati. Hapo sina ubishi. Anayejifundisha hutafuta anachokihitaji, na kitu usichojua kwamba kipo utakitafutaje? Pengo lake ni hilo, si cheti.

Ila nimekutana na wenye shahada wanaoueleza muamala ubaoni bila kujikwaa, na hawajawahi kupigiwa simu na mteja mwenye hasira. Kijana huyu alipigiwa. Akashinda dukani kutwa, akagundua na la pili: ghala tupu, programu inaonyesha mchele umebaki, punje za kwenye hesabu tu. Alikuwa anahifadhi kilo kwa desimali, na kompyuta haizishiki zote sawasawa, jumlisha 0.1 na 0.2, lugha nyingi za programu zitakupa 0.30000000000000004. Akahamia gramu, namba nzima. Somo hilo halimtoki tena.

Kwa hiyo nani kashinda? Mimi naona pande zote mbili zinagombea mlango usio wenyewe. Kilichomchelewesha ni upweke: miaka miwili hakuna mtu aliyesoma kodi yake, yaani msimbo wa programu (si ile ya mwenye nyumba). Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ilitengenezwa ili watu wengi wafanye kazi juu ya msimbo mmoja na kila badiliko lionekane. Yeye aliifanya stoo tu ya msimbo wake. Na kutoka Mwanjelwa hadi MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, pale Iyunga ni safari ya daladala.

Hatimaye alimpata mwanafunzi wa huko wa kumkagulia msimbo. Marekebisho ya lile gunia yalikuwa mistari minne. Maoni yakarudi kumi na moja, la kwanza likiuliza: mtandao ukikatika katikati ya mauzo, je?