Mandazi ya Kumi Yasiyolingana

Ukinunua mandazi kibandani asubuhi, mkono wako hauchukui la kwanza. Macho yanazunguka kwanza ndani ya kabati la kioo, yanatafuta lililonona. Wenzako wamekuwa wakifanya hivyo tangu saa kumi na mbili, ndiyo maana ukipita saa nne unakuta yamebaki madogo tu, na bei ni ile ile shilingi 10.

Mpishi wa hayo madogo nilikuwa mimi. Napikia Kayole, hapa Nairobi, na kusambaza vibandani hadi Umoja na Donholm. Mwaka jana mteja wangu mmoja alinipigia: "Dada, haya madogo nitayapeleka wapi? Watu wanachagua, mimi nabaki nayo." Nilikasirika, maana hesabu yangu ilikuwa sawa. Pakiti ya unga ya kilo 2 ilitoa mandazi 56, leo na kesho. Kwa wastani lilikuwa andazi halali kabisa. Shida ni kwamba hakuna anayekula wastani.

Basi nikafanya wanachofanya mabosi wengi wa jiji hili, nikamfokea kijana anayekata. Yakitoka madogo namwambia ongeza. Kesho yake yametoka makubwa, unga umeisha na oda haijatimia, namwambia punguza. Wiki mbili za ongeza-punguza, na tofauti ikazidi. Yeye alinijibu mara moja tu: "Madam, mimi nakata vile nakata siku zote." Nikaona ni jeuri. Kumbe ndiyo ripoti sahihi zaidi niliyopata mwezi ule.

Nilinunua mizani ndogo ya jikoni nikapima mandazi mabichi 40 mfululizo. Dogo kuliko yote gramu 48, kubwa 71. Nikapima siku nyingine, yakawa karibu vile vile. Kijana hakuwa na siku nzuri wala siku mbaya. Hivyo ndivyo kazi yetu ilivyokuwa.

Jambo hili lilishafikiriwa miaka mia moja iliyopita. Mei 1924, Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi Western Electric, watengenezaji wa vifaa vya simu Marekani, alimwandikia mkubwa wake waraka mfupi wenye mchoro. Wazo lake ni kwamba kila kazi ina mtikisiko wake wa kawaida, yaani kupanda na kushuka kwa matokeo, uliojengeka ndani yake, halafu kuna mtikisiko wa ghafla unaoletwa na jambo mahususi. Ukiuchukulia ule wa kawaida kana kwamba ni wa ghafla, unaharibu zaidi. Mtakwimu Mmarekani W. Edwards Deming alipeleka somo hilo Japani mwaka 1950, akawafundisha wakuu wa viwanda, na hakuchoka kusema kwamba sehemu kubwa ya kasoro ni ya mfumo, na mfumo ni wa wakubwa. Hapo ndipo paliponiuma. Nani aliyeamua unga usukumwe kwa kukadiria na macho? Mimi.

Fundi mbao jirani alinikatia vipande viwili vyenye unene wa sentimita moja. Unaviweka pande zote mbili za donge, mti wa kusukumia unapita juu yake, na unga haushuki chini ya hapo. Kisha unakata kwa kufuata rula ya chuma. Sasa tuko kati ya gramu 56 na 62, na sauti yangu imepumzika.

Kuna wanaoniambia kipimo kinaua mkono wa mpishi. Nyanya yangu, ambaye chapati zake zilisifiwa kijiji kizima, alipima unga kwa kikombe kimoja cha bati kilichokatika mkono. Siku kilipopotea tulikitafuta hadi kwenye banda la kuku.

Ukutani nimebandika karatasi. Kila donge tunapima mandazi matano, tunaweka nukta ya wastani wake, na kuna mistari miwili, wa juu na wa chini, iliyotokana na vipimo vyetu wenyewe, siyo matamanio yangu. Nukta ikiwa katikati ya mistari nafunga mdomo, kazi ngumu kuliko kupika. Ilipotumbukia chini siku moja niliuliza kimetokea nini, sikuuliza ni nani. Ubao mmoja ulikuwa umelowa ukapasuka, wakaweka kipande cha katoni.

Bado mafuta. Joto lake tunalikisia kwa kutupia kibonge cha unga karaini na kuangalia kinavyoibuka, kwa hiyo mengine yanatoka meupe, mengine yamekaribia kuungua. Yule mteja hajanipigia tena kuhusu ukubwa. Jumatatu alinipigia kuhusu rangi.