Begi juu ya meza

Jana mchana niliacha begi juu ya meza. Begi lenye laptopu na pasipoti na pesa kidogo, kwenye ile migahawa ya hapa Singapore yenye vibanda pembeni na meza katikati, nikaenda kupiga laini ya wali wa kuku, na laini yenyewe ilikuwa ndefu. Hapa watu huweka pakiti ya tishu mezani na hiyo tishu peke yake inatosha, hakuna atakayekaa hapo. Sasa wewe unayejua barabara ya Tom Mboya katikati ya Nairobi saa kumi na mbili jioni, wewe unayetembea umekumbatia begi kifuani, niambie mtu wa Nairobi anafikaje hapo. Mimi ilinichukua miaka miwili.

Nikaandika hiyo kwa grupu ya familia, binamu yangu akajibu papo hapo: unaona, hiyo ndiyo jamii isiyo na kasoro, sisi tunataka mtu mkali wa kutunyoosha, hizi haki mnazoimba ndizo zinatumaliza. Wengine wakamuunga mkono. Nikakasirika sana. Na najua mtasema amepanda ndege juzi na leo anatufunza, lakini mimi nimelelewa na mitumba ya soko la Gikomba, nimekimbia kanjo, wale askari wa jiji, nikiwa mtoto nimeshika sketi ya mama, shida za Nairobi sikuzisoma popote.

Juni 2024, vijana wa Kenya walipotoka kupinga ule mswada wa fedha, nilitaka kusimama hapa nje na bendera yetu, peke yangu, dakika chache tu. Mwenzangu wa kazini, mwenyeji, akanisihi nisijaribu. Sheria yao ya 2009 inahesabu hata mtu mmoja kuwa mkusanyiko, unahitaji kibali. Kuna bustani moja inaitwa Hong Lim ambapo tangu 2000 wenyeji wameruhusiwa kusimama na kuongea, lakini hata huko mimi mgeni siwezi kujiunga nao hivi hivi. Basi nikabaki chumbani nikitazama Kenyatta Avenue kwa simu. Begi langu hakuna angeligusa siku hiyo, na mimi nilikuwa nalia.

Utaniuliza uhuru gani, na watu walipigwa risasi, wengine wakatekwa baadaye? Ni kweli, na inaniuma kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini Kifungu cha 37 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema tunaweza kuandamana kwa amani bila silaha, kwa hiyo aliyefyatua ndiye aliyevunja sheria, na tunaweza kumwambia hivyo mchana kweupe. Hapa sheria yenyewe ndiyo inakuziba mdomo, utamshtaki nani?

Nikiwa mdogo sukari ikiadimika, duka la mtaani lilikuwa halikuuzii mpaka uchukue na majani chai, utake usitake. Ndivyo tunavyouziwa Singapore. Watu wanane hivi kwa kila kumi wanaishi kwenye nyumba zilizojengwa na serikali na wengi wao ndio wenye nyumba, treni ukila ndani faini inaweza kufika dola 500 za Singapore, ofisi yao ya kupambana na ufisadi ipo tangu 1952, na hiyo ni sukari tamu kweli, naitamani kwetu kila siku. Lakini majani yake ni kunyamaza, na kwani mtu akibeba bango treni inachafuka? Polisi mpaka mimi ninyamaze ndio akatae hongo? Chama kimoja kimetawala tangu 1959, na binamu ananiambia hii ni jamii isiyo na kasoro, sasa kama hakuna ruhusa ya kusimama na kuitaja kasoro, umejuaje haipo?

Na kama kunyamaza ndiko kunaleta mpangilio, sisi tungekuwa mbele ya wote. Miaka 24 ya Nyayo, yaani utawala wa Moi, wazazi wetu walinong'ona hata sebuleni mwao, je, barabara zilipona? Maji yalifika mitaa ya Eastlands? 1989 watawala walitaka kusimamisha jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya katikati ya Nairobi, na zile nyasi tunazolalia Jumapili ziliokolewa na kelele za Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, huku wabunge wakimtukana. Halafu 2004, wakati wa Kibaki, watu wakiongea wanavyotaka, waziri wa uchukuzi Michuki akasema kila matatu mikanda na kidhibiti mwendo, na hakuna kusimama. Wenye matatu wakagoma, tukatembea kwa miguu, lakini ikawa! Mimi nimekaa kwenye matatu ya watu 14 yenye watu 14, nimefunga mkanda, na redioni watu wanaisema serikali vile wanavyojisikia. Hakuna aliyefungwa mdomo ndio hilo litokee. Lilikuja kuharibika kwa sababu ya mkono wa polisi wa kupokea hongo pale barabarani, wala si kwa sababu tuliongea sana.

Huyu mwenzangu wa kazini simdharau, nyanya yake alitoka kwenye vibanda vya mbao akaingia nyumba yenye maji na stima, na kwake bei hiyo ilikuwa sawa. Mimi bado nataka sukari bila majani.

Binamu ana kibanda Jogoo Road. Usiku nikamwuliza, huyo mtu mkali wako akija na tingatinga kukibomoa, utapiga kelele wapi? Naona ameandika, akafuta, akaandika tena. Mpaka sasa hajanijibu.