Zuio kwanza, rufaa baadaye

Mtu aliyekimbia mateso Burundi akishavushwa mpaka wa Manyovu kurudishwa huko, rufaa yake inabaki karatasi. Mawakili na wasaidizi wa kisheria wa Kigoma wanalijua hilo, ila bado mafaili yanaanza na hoja ndefu za haki za binadamu, na ombi la zuio, yaani la kusimamisha kwanza kufukuzwa kwake, linachomekwa ukurasa wa mwisho.

Kanuni za 2014 za mapitio ya mahakama, njia ya kupinga uamuzi wa serikali mbele ya jaji, zinatoa miezi 6 ya kuomba Mahakama Kuu kibali cha kufungua shauri. Miezi hiyo inawapumbaza watu, kwani amri ya kufukuzwa nchini inaweza kutekelezwa kabla shauri halijatajwa hata mara moja. Maombi yaende na hati ya dharura, ya kuomba yasikilizwe haraka, siku hiyo hiyo, na muombe wazi kwamba kibali kikitolewa kisimamishe na amri. Bila jaji kuagiza hivyo, kibali hakizuii gari kuondoka. Kikishatoka, shauri lenyewe lifunguliwe ndani ya siku 14.

Maombi mazuri huanguka kwa sababu ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mhusika anaapa kuwa ni kweli. Pale chini anaposaini kamishna wa viapo, pakikosa mahali au tarehe, kiapo kinaweza kutupwa na maombi yakaenda nacho. Anayejua Kirundi tu asomewe kwa Kirundi, na iandikwe hapo hapo kwamba amesomewa, na nani. Waha wa Kigoma na Warundi wanaelewana vizuri sokoni, lakini kiapo kinataka mkalimani anayetajwa kwa jina. Hoja za sheria msiziweke humo.

Kuhusu mateso yenyewe, cheti kinachosema "ana makovu" hakimsaidii jaji. Daktari aandike kila kovu liko wapi, lina sentimita ngapi, na linalingana kiasi gani na maelezo ya mhusika. Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso, ina ngazi 5 za kupima hilo, kuanzia kovu lisilolingana kabisa hadi lile lisiloweza kuwa na chanzo kingine.

Tanzania haijaridhia Mkataba dhidi ya Mateso wa 1984, kwa hiyo msiufanye nguzo. Shikeni ibara ya 13(6)(e) ya Katiba inayokataza mateso, ibara ya 7 ya Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, na ibara ya II ya Mkataba wa Wakimbizi wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969, unaokataza hata kumkatalia mtu mpakani akalazimika kurudi kwenye hatari.

Anudo Ochieng Anudo, aliyefukuzwa na Tanzania, alishinda kesi dhidi yake kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, Machi 2018. Alishinda akiwa ameshafukuzwa, Kenya nayo imemkataa, amekwama mpakani kati ya nchi mbili. Tangu Novemba 2020 mtu binafsi hawezi tena kuishtaki Tanzania moja kwa moja mahakamani hapo. Imebaki Mahakama ya Afrika Mashariki: mkazi wa nchi mwanachama anafungua bila kumaliza mahakama za ndani, ila ndani ya miezi 2, na haiongezwi.

Bunge liandike kifungu kimoja tu: maombi yenye madai ya mateso yakishapokelewa na msajili, amri ya kumwondoa mtu inasimama yenyewe hadi jaji aamue.