Serikali inapotakiwa kuomba msamaha: hoja za pande mbili zinavyoonekana kutoka Lubumbashi

Mwezi Juni 2022, jeneza lililobeba jino la Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, lilifikishwa Shilatembo, nje ya Lubumbashi, mahali alipouawa kwa risasi usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Siku chache kabla ya hapo, mjini Brussels, Waziri Mkuu wa Ubelgiji Alexander De Croo alikuwa ameiomba familia yake msamaha kwa niaba ya serikali yake. Mfalme Philippe, aliyezuru Kinshasa, Lubumbashi na Bukavu mwezi huohuo, alieleza majuto yake makubwa kuhusu ukoloni, lakini hakuomba msamaha. Mwezi Desemba kamati ya bunge la Ubelgiji iliyochunguza historia hiyo ilimaliza kazi bila mapatano, kwa kuwa baadhi ya vyama vilihofia kwamba msamaha rasmi ungefungua mlango wa madai ya fidia.

Wanaopinga Ubelgiji kuomba msamaha wanasema kuwa Mbelgiji wa leo hakumchapa mtu kiboko, wala si haki kumbebesha mjukuu kosa la babu. Kwa mtu binafsi hoja hiyo ni sahihi kabisa. Serikali, hata hivyo, haizaliwi upya kila kizazi kinapopita, na sisi Wakongo tunalijua hilo kwa uchungu: mwaka 1965, katika mapatano kati ya Waziri Mkuu wetu wa wakati huo, Moïse Tshombe, na Ubelgiji, nchi yetu ilikubali kubeba sehemu ya madeni yaliyokopwa na koloni, ingawa hakuna Mkongo aliyeulizwa wakati wa kukopa. Ikiwa madeni ya fedha yanarithiwa, sioni kwa nini madeni ya damu yafutwe kwa kifo cha waliohusika.

Hoja nzito zaidi ni kwamba maneno ya serikali ni rahisi. Mwezi Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba msamaha kwa ajili ya watoto waliozaliwa na baba Wazungu na mama Waafrika katika Kongo, Rwanda na Burundi, ambao utawala wa kikoloni uliwatenga na familia zao. Baadaye wanawake watano kati ya watoto hao, waliochukuliwa kutoka kwa mama zao kabla ya kutimiza miaka saba na kulelewa na masista katika misheni ya Katende, Kasai, waliishtaki serikali hiyohiyo. Serikali iliyokwisha kukiri kosa mbele ya bunge ikapinga madai yao mahakamani, na mwaka 2021 wanawake hao wakashindwa. Ni mwezi Desemba 2024 tu ndipo Mahakama ya Rufaa ya Brussels ilipoamua kuwa kitendo hicho kilikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, usiofutwa na muda, na kuamuru kila mmoja alipwe euro 50,000. Wote walikuwa wamepita miaka 70.

Mkasa huo unaonyesha jinsi msamaha unavyoweza kuwa mtupu, lakini kwangu hauthibitishi kwamba hauna maana. Serikali inapotaja kosa kwa jina lake, ofisa wake hawezi tena kusema hadharani kwamba halikutendeka. Kinachokosekana ni yale yanayopaswa kuufuata: kufungua nyaraka ili mtu amtafute mama yake, kutoa hati za kuzaliwa, na kulipa walio hai wangali hai.

Kuna pingamizi jingine ambalo hapa kwetu hatulipendi. Waliofyatua risasi Shilatembo walikuwa askari wa Katanga, jimbo letu lililokuwa limejitenga na Kongo, chini ya maofisa wa Kibelgiji, na mawaziri wa Katanga walikuwapo. Kisha, mwaka 1992 na 1993, wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, miji ya Katanga, huku viongozi wa jimbo wakichochea chuki waziwazi; maelfu walilala kwenye kituo cha reli cha Likasi wakisubiri treni ya kuwapeleka Kasai, ambako wengi wao hawakuwahi kuishi. Wengine husema kwamba taifa lenye madeni hayo halina uso wa kuidai Ubelgiji. Sikubaliani nao, kwa sababu kosa la mmoja halifuti la mwingine, ila nakubali kwamba kipimo kiwe kimoja. Tunachokidai Brussels, yaani kutaja kosa, kufungua nyaraka na kuwafidia walio hai, ndicho ambacho familia zilizopoteza nyumba Likasi zina haki ya kukidai Kinshasa na hapa Lubumbashi, na wengi wao nao wanazeeka.